Nyumba Isiyosema Sijui

Katika nyumba ya baba yangu, mjini Kasongo, neno "sijui" lilikuwa karibu na tusi. Mgeni akiuliza jambo mlangoni, hata kama hulijui, unamjibu "ndiyo", unamkalisha, unampa maji, kisha unakwenda kuulizia ndani. Bibi mzaa baba alisema kumjibu mtu "sijui" ni kumfungia mlango usoni, na watu wa ukoo wetu, waliopokea wasafiri tangu enzi za babu zao, hawafungi mlango. Nikiwa na miaka sita au saba nilirudishwa mlangoni mara nyingi nimjibu upya mgeni ambaye tayari alikuwa amenisamehe. Niliona ni upuuzi, na sijabadili maoni.

Mama hakuzaliwa katika adabu hiyo. Alitoka upande wa Wamaza, huko mashambani, binti wa wakulima, na lugha yake ya kwanza ni Kibangubangu. Mjomba alinisimulia kwamba alikuwa msichana wa mdomo, anacheka kwa sauti, anabishana na baba yake mbele za watu. Alipoolewa mjini, mama mkwe alimkanda upya kama unga. Kila "sijui" iliyomponyoka ilimgharimu siku nzima ya kutosemeshwa. Nilipopata akili, mama alikuwa tayari mtu wa "ndiyo", mpole, sauti ya chini, na sikuwahi kumsikia akisema Kibangubangu ndani ya nyumba. Sisi watoto hatukufundishwa. Tena, niseme ukweli, tuliona haya kidogo kwamba mama yetu alikuwa na lugha ya shamba.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha saikolojia katika shule moja ya sekondari, kwenye darasa la vijana ambao kesho watakuwa walimu wa shule za msingi. Daftari zao ni za Kifaransa, lakini nikitaka waelewe nageuza Kiswahili. Nawaambia kuna tabia mtu anayozaliwa nayo na tabia anayofunzwa, na kwamba si rahisi kuzitenganisha. Nawaambia mtoto hukua kwa hatua, na hatua hairukwi. Nawaambia kumbukumbu haikai tu ikikusubiri. Kila ukiikumbuka unaishona tena, na uzi mwingine si wako. Nawaambia tendo likituzwa hurudiwa. Hilo la mwisho hulielewa upesi, maana wahenga walikwisha kulisema: mkono mtupu haulambwi. Nalipenda somo langu. Linanipa kiburi, na kiburi hicho ndicho kilichotuponza.

Mama alihamia kwangu miaka mingi baada ya baba kufariki, wadogo zangu walipokwisha kutawanyika. Kwanza alianza kutia chumvi mchele mara mbili, kisha mara tatu. Halafu akawa anatafuta kisima tulichokifukia nikiwa msichana. Aliuliza habari za dada yake aliyekufa, akalia, kesho yake akauliza tena na kulia tena. Niliumia sana. Lakini pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilifurahi kidogo. Yale niliyoyasoma kwenye makaratasi ya chuo miaka yote yalikuwa sasa yamekaa kwenye mkeka barazani kwangu, yanamenya mihogo.

Nikaanza kumfanyia kazi. Nilinunua peremende, bombo tunavyoziita, nikazitia kwenye mfuko wa gauni langu. Kila mama alipokumbuka jambo, jina la mtu au wimbo wa kutwanga, nilimpa bombo moja. Hana meno, kwa hiyo alizifyonza polepole akiwa amefumba macho. Baada ya majuma machache mama yangu, aliyekuwa akinyamaza kutwa nzima, akawa msimulizi. Majirani wakaja kusikiliza. Nilitembea nikijiona daktari.

Alisimulia jinsi alivyonibeba mgongoni akavuka Lualaba kwa mtumbwi pale Nyangwe, maji yakiwa yamejaa, na mpiga kasia akamwomba anitupe ili mtumbwi upone. Ilikuwa hadithi nzuri mno hata nikasisimka mwili. Ila mama hakuwahi kufika Nyangwe, mimi nimefika huko mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Nikampa bombo mbili.

Siku moja nikampeleka darasani. Nilitaka vijana waone kwa macho yao jinsi swali linavyoweza kupanda kumbukumbu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikamkalisha karibu na ubao, nikamuuliza kama anaikumbuka ile siku chui alipoingia soko la Kasongo. Akasema ndiyo. Nikamuuliza alikuwaje. Akafikiri, akasema alikuwa mzee, mkia umekatika, akamtazama yeye peke yake kati ya watu wote. Darasa likacheka, mama naye akacheka, nikampa bombo yake. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. Aliniuliza, sasa mama akisema jambo la kweli, madamu, tutalijuaje? Nilimjibu kwa sentensi ya Kifaransa kutoka daftarini. Hata mwenyewe sikumbuki ilisema nini.

Habari zikatoka shuleni kabla sisi hatujafika nyumbani. Mama ya madamu anakubali kila kitu, walisema. Watoto wakawa wanampitia makusudi kumuuliza kama aliwahi kuoa, kama aliwahi kuruka. Ndiyo, aliwajibu, karibuni. Nilikuwa nawafukuza huku nacheka.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mwanamke wa rika langu. Tumesukana nywele tangu tukiwa wasichana. Alimzaa binti yake wa mwisho akiwa amekwisha kukata tamaa, na mtoto yule, mwenye miaka mitatu, alikuwa akikatiza ua kila asubuhi kuja kukaa na mama. Walifyonza bombo pamoja. Mama alimtolea moja kutoka kwenye pindo la kanga yake, mtoto akampa nusu ya ndizi, wakakaa hivyo hadi jua lilipowafikia. Nikiwatazama nilifikiri, mmoja anapanda hatua na mwingine anazishuka, wamekutana katikati ya ngazi. Nililiandika kwenye daftari langu, nikaona nimesema la maana.

Katika mvua za mwanzo mtoto akashikwa na homa. Siku ya pili degedege likampanda. Walimkimbiza kituo cha afya kwa baiskeli, nesi akasema ni malaria imefika kichwani, na jioni hiyo hiyo akafa. Nilimsaidia mama yake kumzungushia shuka. Sitaki kusema zaidi juu ya siku hiyo.

Siku ya saba nilikuwa ndani nikisahihisha kazi za wanafunzi. Nikasikia sauti ya jirani barazani, ya chini kabisa, akizungumza na mama.

"Mama muzee, mutoto wangu ulikuwa unamupa nini?"

"Bombo."

"Na kitu ingine?"

"Ndiyo."

"Ulimupendaka?"

"Ndiyo."

"Ulitaka akuwe wako?"

"Ndiyo, mwanangu. Wangu."

Nilipofika nje jirani alikuwa amekwisha kusimama. Nilianza kumweleza, kwamba ni ugonjwa, kwamba anajibu ndiyo kwa kila mtu, kwamba hata habari ya chui aliikubali. Aliniangalia bila hasira. Aliniambia nisijisumbue, amekuja kuuliza na amejibiwa. Kisha akapita kwenye ule mwanya wa ua alimokuwa akipita mtoto, na mchana huo mume wake akaja na miti miwili na kamba, akauziba.

Toka hapo sikuhitaji kuambiwa. Nilipofika sokoni mwanamke wa mawese alinipimia bila kuuliza habari za nyumbani. Wale watoto waliokuwa wakija kumuuliza mama kama aliruka waliacha kupita njia yetu, wakazunguka nyuma ya msikiti. Mama aliwasubiri, bombo mkononi, akaniuliza mbona hawaji. Siku moja saa sita mchana jiwe likaanguka juu ya mabati, moja tu. Nilitoka nikakuta barabara ina watu wengi, kila mmoja anatembea na shughuli zake, na hakuna aliyegeuza kichwa kutazama sauti imetoka wapi. Hapo ndipo nilipoogopa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi nilikuwa naona linakuja.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu la kufikiri: vijana watakuja kumtoa mama nje, na kilichowapata wazee wengine walioitwa wachawi kitampata yeye. Nikaenda mwenyewe kwa shefu wa mtaa kabla hajaniita. Nilimwomba akusanye watu, nikamwahidi kwamba nitawaonyesha. Nilikuwa na uhakika. Watu wakiona kwa macho, wataelewa, ndivyo nilivyojifunza kufundisha.

Tulikaa uani kwake baada ya sala ya alasiri. Jirani alikuwapo na mume wake, na vijana wengi wamesimama ukutani. Baba mdogo, ndugu ya baba yangu, alikaa kiti cha mbele, kofia kichwani. Mama nilimvalisha kitenge kizuri, akawa anasalimia kila mtu kwa furaha akidhani ni harusi. Shefu akanipa nafasi. Nikaeleza kwa utaratibu, kama niko ubaoni, kwamba mtu anayesahau hujaza mapengo, na mama amefunzwa na nyumba yetu asimnyime mtu jibu. Kisha nikamgeukia mama nikamuuliza juu ya chui.

Ndiyo, akasema. Mkia umekatika. Alinitazama miye peke yangu.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesahau, mimi mwalimu wa kumbukumbu, niko wapi. Darasani chui ni mnyama. Katika ua ule, mbele ya watu wanaotafuta mchawi, chui aliyemchagua bibi kizee mmoja kati ya soko zima hakuwa mnyama tena. Nikaona mzee mmoja akitikisa kichwa polepole, nikaona vijana wakiangaliana. Nikatafuta haraka swali jingine, kubwa zaidi, swali ambalo hakuna mtu angeweza kuliamini jibu lake. Nikalipata, Mungu anisamehe.

"Mama," nikasema, "ni wewe uliyemuua baba?"

"Ndiyo, mwanangu. Ni miye."

Alisema kwa upole ule ule anaomkaribishia mgeni. Nikawageukia watu, mikono wazi, kuwaambia mnaona sasa. Lakini baba mdogo alikuwa amevua kofia. Shefu akainama mbele akamuuliza mama, kwa heshima kabisa, alimuua namna gani. Nilitaka kumzuia. Mama akanitazama mkono, ule wa kuume, ule wa bombo, akaona bado haujatoa kitu. Kwa hiyo akaongeza. Alisema ilikuwa katika uji, aliukoroga kwa kidole, na baba akaomba tena.

Baba yangu alikufa kwa tumbo lililomuuma siku tatu. Kila mtu pale alilijua hilo, maana walimzika wao.

Ulimi hauna mfupa, tunasema, lakini uliosema siku ile haukuwa wa mama. Nilijaribu kueleza juu ya bombo, jinsi nilivyomzoeza, nikazitoa mfukoni nikazionyesha, na nikasikia mwenyewe jinsi maneno yangu yanavyosikika: mwanamke anasema amekuwa akimlisha mama yake vitu vitamu ili aseme. Nikazirudisha mfukoni. Jirani alikuwa analia bila sauti. Shefu ni mtu mwenye busara, na nilimwona akiwahesabu vijana wa ukutani kwa jicho.

"Madamu," akaniambia, "sheria inakataza mutu kuguswa juu ya uchawi. Lakini sheria iko Kindu, na miye niko hapa na hawa. Mutoe leo, jua ingali juu."

Nilimtoa. Shefu mwenyewe alitutafutia pikipiki na akasimama barabarani mpaka tulipoondoka. Mama alikaa katikati, dereva mbele na mimi nyuma, na nilimkumbatia kiuno njia yote kwa kuogopa ataanguka. Mizigo yake ilikuwa mfuko mmoja. Tulilala njiani kwa watu wasiotujua, na kesho yake, barabara ilipoanza kupanda vilima vya Kabambare na matope yakawa mekundu, akaanza kuwapigia kelele watu wa mashambani, kwa Kibangubangu. Wakamjibu. Akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

Nilimwacha kwa mdogo wake, mjomba wangu, mwendo wa mguu kutoka Wamaza. Nilirudi Kasongo kwa sababu kazi iko Kasongo. Jirani hasemi nami hadi leo, na simlaumu.

Nilidhani yameisha. Ila juma la pili, nikiwa darasani, nimeandika ubaoni jinsi kumbukumbu inavyopandwa, nikaona bakuli. Bakuli jeupe la bati lenye mdomo wa bluu, na uji, na kidole cha mama kinazunguka ndani yake. Baba ameketi kwenye kitanda cha kamba, ananyoosha mkono anaomba tena. Niliacha chaki, nikawaambia wanafunzi wajisomee.

Siku baba alipokufa mimi sikuwa Kasongo. Nilikuwa Kindu, chuoni, na habari ilinifikia baada ya maziko. Sikuuona ugonjwa wake, sikuliona bakuli lolote. Kumbukumbu hii najua ilizaliwa lini, ua upi, baada ya sala ipi, na najua mzazi wake ni nani. Ningeweza kuitolea somo zima. Haijali. Inakuja nikipika, inakuja nikiswali, na kila ikija ina kitu kipya: juzi kidole kilikuwa na pete.

Likizo kubwa ilipofika nikaenda kumwona. Mjomba alinipokea njiani. Nilimuuliza mama yuko namna gani, kama watu wa kijiji wanamsumbua kwa maswali. Akasema wanamuuliza, ndiyo, wazee hupenda kuuliza mambo ya zamani, lakini hapati shida. Akiulizwa asichokumbuka anasema tu hajui, anacheka, wanaendelea.

Nilisimama pale pale njiani. Nilimuuliza, anasema hajui? Mama? Mjomba akashangaa. Kutwa nzima, akasema, na akanitajia neno lenyewe la Kibangubangu, fupi, la kawaida. Mama alikuwa na "sijui" yake siku zote. Ilikuwa katika lugha ambayo mama mkwe hakuifikia. Kama siku ile uani ningekuwa na mtu mmoja wa kumuuliza kwa lugha ya mama yake, angejibu hajui, hajui, hajui, na watu wangerudi makwao. Nimefundisha miaka kumi na sita, na hilo sikuliwaza hata mara moja. Niliona aibu.

Kisha nikawaza jingine. Mjomba angeweza kumuuliza, jioni hii hii, kwa Kibangubangu, juu ya baba. Jibu lingekuwa la kweli, na bakuli lingevunjika kichwani mwangu. Tulitembea mpaka nyumbani, kama nusu saa, na ombi hilo nilikuwa nalo mdomoni njia nzima. Sikumwomba.

Mama alinijua. Aliniita kwa jina langu la utoto, akanishika mashavu, akaniambia nimekonda. Alikuwa amevaa vizuri. Akawafukuza watoto wa mjomba kutoka jikoni akasema chai ya binti yake ataipika mwenyewe. Nilimsikia akitafuta sukari, akikoroga.

Kwetu, anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni aone, ili moyo wake utulie. Humfanyia mgeni wa mbali, au mkwe ambaye bado hamjazoeana. Kwa mwanao wa kumzaa hufanyi hivyo, na mwanao hasubiri ufanye. Kusubiri hivyo ni kumvua nguo mama yako.

Akaniletea kikombe. Nilikipokea, nikakishika. Chai ilikuwa na moto, nilijiambia nasubiri ipoe. Mjomba alikuwa ameketi pembeni anachonga mpini wa jembe, akaacha kuchonga. Mama akanitazama usoni, akatazama kikombe, na nikaona kabisa kwamba ameelewa, yeye ambaye asubuhi ile hakujua ni mwezi gani.

Akanyoosha mikono akakichukua kikombe, akanywa funda moja, akameza, akafungua kinywa kidogo nione kwamba hakuna kilichobaki. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama anavyopewa mgeni.